Sanaa ya Goma yahitaji wanunuzi wa nyumbani

Kwa miaka mingi mteja mkuu wa mchoraji wa Goma, mashariki mwa Kongo, amekuwa mgeni: mfanyakazi wa shirika la misaada, ofisa wa Umoja wa Mataifa, mtalii aliyekuja kupanda volkano ya Nyiragongo. Hulipa kwa dola, hufunga tablo na kuondoka nayo. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua. Mteja na fedha taslimu vikaadimika kwa pamoja.

Vipaji havijakauka. Kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimelea kizazi kizima cha vijana katika filamu, dansi, muziki na uchoraji. Katika filamu yake Kapita, Petna mwenyewe anazirudia picha za zama za Wabelgiji na kuzihoji upya. Vijana wanaotaka kufuata njia hiyo wanakwama penye mambo mawili: malighafi ya historia, na soko.

Kuhusu soko, Lubumbashi ina la kutufundisha. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yake katika tablo zipatazo 100 na kuzieleza kwa Kiswahili cha Shaba (Katanga) mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Wachoraji wa aina yake walitumia kitambaa cha magunia ya unga, na waliowalisha ni familia za mjini. Picha iliyopendwa sana iliitwa Colonie belge: mfungwa kalala kifudifudi, askari kainua kiboko, mzungu anasimamia, bendera ya Ubelgiji inapepea. Watu waliitundika sebuleni kwa sababu ilisimulia yaliyowapata wazazi wao.

Kuhusu malighafi, Lubumbashi ina mfano mwingine. Mpigapicha Sammy Baloji alijenga jina lake kwa picha za kale za kampuni ya madini, alizozikuta katika hifadhi ya Gécamines mjini mwake, akaziunganisha na picha za magofu ya leo. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakaanzisha maonyesho ya Picha, ambayo sasa ni bienale ya Lubumbashi. Hifadhi ilikuwa karibu, ndiyo maana kazi iliwezekana.

Kijana wa Goma hana bahati hiyo. Vinyago vya Bwami, chama cha Walega wa Kivu Kusini na Maniema kilichopigwa marufuku na wakoloni, vimetapakaa katika makumbusho na mikusanyo binafsi ya Ulaya na Marekani. Kuvitazama tu kunahitaji viza na tiketi, gharama inayompita mchoraji anayehangaikia rangi.

Msaada unaofaa, basi, si semina nyingine ya siku tatu. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na mengineyo yatoe picha safi za vitu hivyo bure kwa vituo vya sanaa vya Kivu. Wafadhili walipe muda wa utafiti, si maonyesho peke yake. Wenye hoteli, maduka na ofisi za Goma waagize tablo kwa mkataba wa maandishi, watoe malipo ya awali ya kununulia rangi, na waache jina la msanii lisomeke ukutani. Mfanyabiashara wa Goma anayepamba ukumbi wake mwaka huu aanze kwa kumtafuta mchoraji wa mtaa wake.