Kabla ya Kuondoka Changamwe

Dereva atokaye Changamwe kwenda Tsavo Mashariki, mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1948, huenda akadhani kuwa gari liendeshwalo kwa magurudumu yote manne halishindwi. Kumbe mchangani hulazimika kutumia petroli nyingi zaidi, na miiba haichagui gari. Basi na achukue magurudumu mawili ya akiba, mkanda wa feni, mipira ya rejeta, na jeki pamoja na ubao wa kuikalisha isididimie. Vyote ajifunze kuvifunga mwenyewe nyumbani. Spea asiyoijua ni mzigo tu. Ng'ambo ya mto Galana magari hupita machache. Rejeta ikivuja huyanywa maji ya watu, kwa hiyo madebe yao yawe mbali, na jamaa waambiwe njia na siku ya kurudi.