Utisho wa Mwili na Shinikizo la Ujana kwa Mwanamke: Mfano wa Filamu ya The Substance

Utisho wa mwili ni tawi la filamu za kutisha ambalo chanzo cha hofu yake si jini wala mzuka, bali ni mwili wenyewe unapooza, kuchipua viungo au kugeuka mbele ya macho ya mwenye nao. Katika The Fly (1986) ya David Cronenberg, mwanasayansi hugeuka nzi hatua kwa hatua. The Substance (2024) ya mwongozaji Mfaransa Coralie Fargeat inautumia utaratibu huo kufafanua jambo la kijamii: amri isiyoandikwa kwamba mwanamke asizeeke.

Elisabeth Sparkle (Demi Moore), nyota wa zamani anayeongoza kipindi cha mazoezi ya viungo kwenye televisheni, anaondolewa kazini anapotimiza miaka 50. Anajidunga dawa ya siri. Mgongo wake unapasuka na kumtoa Sue (Margaret Qualley), msichana mbichi. Sharti ni kwamba kila mmoja aishi siku saba, kisha ampishe mwenzake. Sue anapozidisha siku, Elisabeth ndiye anayelipa: kwanza kidole kimoja kinakongoroka, baadaye mwili mzima.

Dawa hiyo, basi, haimrudishii Elisabeth ujana, inamzalia mshindani. Kila siku ya ziada ya ujana hukopwa kutoka katika mwili uleule unaodharauliwa. Mandhari inayoliweka hili wazi zaidi haina damu. Elisabeth amealikwa na mwanamume anayemwona mrembo. Anajipodoa, anajitazama kiooni, anafuta, anajipodoa tena, na hatimaye haendi. Hakuna aliyemzuia. Aliyemfukuza kazi hayumo chumbani, lakini jicho lake limekwisha kuhamia ndani ya Elisabeth.

Yawezekana kupinga kwamba filamu inashiriki kosa inalolishutumu, kwa kuwa kamera humkodolea Sue kwa uchu na kuufanya mwili uliozeeka kuwa kinyaa. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, mojawapo ya picha za mwanzo zinazochukiza ni ya bosi Harvey (Dennis Quaid) akibugia kamba, kamera ikiwa imeukaribia mdomo wake. Yeye pia si kijana, wala hafukuzwi na mtu. Kwa hiyo kinachoadhibiwa si umri, bali ni umri wa mwanamke.

Ubaguzi huo una alama zake katika Kiswahili pia. Mzizi -zee katika ngeli ya m-/wa- hutoa mzee, neno ambalo ni la heshima, hasa linapotumika kumwita mwanamume. Mzizi huohuo ukichukua ki- hutoa kizee, yaani mwanamke mkongwe, katika ngeli inayobeba pia dhana za udogo na dharau. Ni kweli kwamba bibi na nyanya ni majina ya heshima. Lakini hayo humheshimu mwanamke kwa nasaba, ilhali mzee humheshimu mwanamume kwa umri wenyewe. Asemaye kizee si lazima akusudie kutusi. Hukumu imekwisha kutolewa na lugha kabla yake, kama ilivyotolewa kabla Elisabeth hajasimama mbele ya kioo.