Ana adhabu ya chuo huko Marekani: je, bado anaweza kusomea udaktari?

Wasikilizaji wetu wengi hapa mkoani Kigoma wana ndugu, jirani au rafiki aliyeko Marekani. Baadhi ya hao walipitia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, wakaondoka na wazazi wao wakiwa bado watoto. Leo wamekua, wako chuoni, na miongoni mwao wapo wanaotaka kuwa madaktari.

Chuoni mambo hutokea. Kijana anakutwa na bia bwenini. Binti ananakili sehemu ya kazi ya mwenzake. Chuo kinatoa adhabu, adhabu inaisha, maisha yanaendelea. Halafu siku ya kujaza fomu ya kuomba chuo cha udaktari, anakuta swali linalomtaka aiseme adhabu ile. Anapiga simu nyumbani kuomba ushauri, na mara nyingi anajibiwa: "Nyamaza tu mwanangu, hawatajua."

Ushauri huo unatolewa kwa upendo, lakini unaweza kumharibia maisha. Tunaeleza hapa kwa nini, na nini kifanyike badala yake.

Jibu fupi ni hili: adhabu ya chuo peke yake haimfungii mtu mlango wa udaktari. Wapo wanaokubaliwa wakiwa nayo. Kinachofunga mlango kwa haraka zaidi ni kuificha.

Njia ya udaktari kule si kama ya hapa

Hapa Tanzania, kijana aliyefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita anaomba udaktari moja kwa moja. Anasoma miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Kinachoangaliwa zaidi wakati wa kuomba ni matokeo ya mtihani.

Marekani, mwanafunzi anasoma kwanza shahada ya kawaida, kwa kawaida miaka 4. Akiwa huko anafanya mtihani maalumu wa kuingilia udaktari, unaoitwa MCAT. Ndipo anaomba chuo cha udaktari, anakosoma miaka mingine 4. Baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitalini ya miaka 3 hadi 7, kulingana na fani.

Vyuo vingi vya udaktari vya huko hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS, unaosimamiwa na chama cha vyuo vya tiba, AAMC. Fomu hufunguliwa mwezi Mei kwa masomo yanayoanza mwaka unaofuata. Mwombaji anajaza fomu moja, nayo inapelekwa kwenye vyuo vyote alivyochagua. Kwa hiyo alichoandika kinasomwa na vyuo vingi, na uongo mmoja unafika kote.

Fomu inauliza nini hasa?

Fomu inauliza kama mwombaji amewahi kuchukuliwa hatua na chuo chochote, ama kwa sababu ya masomo kushuka au kwa sababu ya kuvunja kanuni za mwenendo. Swali hili ni pana kuliko watu wanavyodhani. Mwombaji anatakiwa kujibu "ndiyo" hata kama:

• adhabu haikumsimamisha masomo;
• adhabu haionekani kwenye karatasi ya matokeo;
• chuo kiliifuta kwenye karatasi hiyo, kwa utaratibu wake au kwa ombi la mwanafunzi mwenyewe.

Hatua zinazoingia hapa ni kama kuwekwa chini ya uangalizi kwa sababu ya alama za chini, kuadhibiwa kwa kunakili kazi au kuibia mtihani, kuadhibiwa kwa pombe bwenini, kusimamishwa na kufukuzwa.

Kufeli somo au kulirudia si hatua ya nidhamu. Alama zinaonekana zenyewe kwenye matokeo, na swali hili haliziulizi.

Kuna mambo mawili yanayowanasa vijana wetu. La kwanza ni pombe. Hapa kwetu umri wa kununua pombe ni miaka 18, Marekani ni 21. Kijana wa miaka 19 mwenye chupa moja chumbani ana kosa. La pili ni kusaidiana kazi. Kule, kazi ambayo mwalimu amesema kila mtu aifanye peke yake, wawili wakiifanya pamoja wote wana kosa, hata kama hakuna aliyenakili kitabu.

Kwa nini wanajali mambo ya zamani?

Mzazi anaweza kuuliza: bia ya mwaka wa kwanza inahusiana vipi na kutibu wagonjwa?

Mwaka 2005, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dkt. Maxine Papadakis wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Watafiti waliangalia madaktari 235 walioadhibiwa na bodi za leseni, kisha wakarudi kwenye kumbukumbu zao za wakati wakisomea udaktari. Waliwalinganisha na wenzao ambao hawakuwahi kuadhibiwa. Walioadhibiwa walikuwa na uwezekano wa takriban mara 3 zaidi wa kuwa na kumbukumbu za mwenendo mbaya tangu wakiwa wanafunzi.

Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi si kosa moja la bahati mbaya. Kilikuwa kutowajibika kupita kiasi, pamoja na kushindwa kujirekebisha baada ya kuambiwa.

Utafiti huo ulihusu mwenendo ndani ya chuo cha udaktari, si wa chuo cha kwanza. Hata hivyo unatusaidia kuelewa wasiwasi wa wanaochagua wanafunzi. Daktari atakosea siku moja, ni binadamu. Je, atasema alipokosea ili mgonjwa aokolewe, au ataficha? Ndiyo maana namna mwombaji anavyolieleza kosa lake inapimwa pamoja na kosa lenyewe.

Kuficha kuna gharama gani?

"Hawatajua" ni kamari, na nafasi za kujulikana ni nyingi. Vipo vyuo vya udaktari vinavyoomba chuo cha kwanza kithibitishe mwenendo wa mwanafunzi. Vingi hufanya uchunguzi wa rekodi za polisi na mahakama kabla mtu hajaanza masomo. AAMC nayo huchunguza fomu zenye mashaka, na taarifa ya uchunguzi hupelekwa kwenye vyuo alivyoomba.

Uongo ukigundulika kabla ya kuanza, nafasi inaondolewa. Ukigundulika akiwa mwaka wa tatu, anaweza kufukuzwa, na mkopo aliokwisha kuutumia unabaki deni lake. Akimaliza, bodi za leseni za majimbo nazo zina maswali yao kuhusu historia ya mtu.

Hapo kosa la bia linakuwa kosa la udanganyifu. La kwanza ni la ujana, na wengi huelewa. La pili linamgusa yule yule anayetaka kuaminiwa na maisha ya watu.

Afanye nini sasa?

Kwanza, apate kumbukumbu zake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu inampa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake, na chuo kinatakiwa kumtimizia ombi ndani ya siku 45. Aandike kwa ofisi ya nidhamu na ofisi ya msajili. Asitegemee kichwa chake tu, maana alichokumbuka kama "onyo la mdomo" huenda kiliandikwa kama adhabu kamili. Haki hiyo ni yake yeye aliyeko chuoni. Mzazi hawezi kuandika kutoka huku na kujibiwa.

Pili, aulize kwa maandishi: "Je, hili mnalihesabu kama hatua ya chuo?" Jibu alitunze. Likiwa "hapana", ana ushahidi. Likiwa "ndiyo", analitaja.

Tatu, akutane na mshauri wa wanafunzi wanaoomba udaktari. Vyuo vingi vina mtu wa kazi hiyo, na huduma yake ni bure. Amweleze yote mapema, kabla barua za mapendekezo hazijaandikwa.

Nne, kama jambo lilifika polisi au mahakamani na yeye bado si raia wa Marekani, amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuandika chochote. Hilo linaweza kugusa hata kibali chake cha kuishi.

Tano, akiadhibiwa baada ya kutuma fomu, anatakiwa kuvijulisha vyuo alivyoomba ndani ya siku 10 za kazi.

Maelezo yaandikweje?

Fomu inatoa nafasi ya herufi 1,325 tu, kama maneno 200 ya Kiingereza. Nafasi hiyo inatosha mambo manne: nini kilitokea na lini, adhabu ilikuwa ipi, yeye alihusika vipi, na nini kimebadilika tangu hapo.

Tuchukue mfano wa kutunga. Binti mmoja alinakili aya mbili za ripoti ya maabara. Angeweza kuandika hivi:

"Mwalimu hakutueleza vizuri. Wengi walinakili, ila mimi nikakamatwa. Lilikuwa jambo dogo."

Maelezo haya yanamlaumu mwalimu na kuwataja wengine, na hayasemi amejifunza nini. Sasa linganisha na haya:

"Muhula wa kwanza wa mwaka wa pili nilinakili aya mbili kutoka ripoti ya mwenzangu kwa sababu nilichelewa kuanza kazi. Nilipewa sifuri na uangalizi wa muhula mmoja. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo naanza ripoti siku ya maabara, na kwa mihula minne sijapata hatua nyingine. Mwaka huu nawasaidia wanafunzi wapya kujifunza kuandika ripoti."

Kosa ni lile lile, lakini maelezo ya pili yanamwonyesha mtu anayejirekebisha, tena kwa vitendo vinavyoweza kuthibitishwa. Ajiandae kuyarudia kwa mdomo, maana kwenye usaili anaweza kuulizwa, na maneno ya mdomo yalingane na ya kwenye fomu.

Tuseme na ukweli mchungu. Makosa hayalingani uzito. Kuibia mtihani, ukatili, au kosa lililorudiwa ni mzigo mkubwa kuliko pombe ya bwenini, na kosa la mwaka jana ni zito kuliko la miaka minne iliyopita. Kwa aliye na kosa zito na la karibuni, wakati mwingine la busara ni kusubiri mwaka mmoja au miwili, afanye kazi hospitalini au katika jamii, kisha aombe akiwa na cha kuonyesha.

Sisi tulioko nyumbani

Mtoto anayepiga simu kutueleza aibu yake ametuamini. Tukimgombeza, safari ijayo hatapiga. Tukimwambia anyamaze, tunampa mzigo atakaoubeba miaka mingi, akihofia siku utakapofunguka.

Tusimtumie pia pesa za kumlipa mtu anayedai "anasafisha rekodi". Kama tulivyoona, fomu inauliza hata adhabu iliyofutwa kwenye karatasi ya matokeo. Pesa hiyo itakuwa imeliwa bure.

Tunachoweza kumwambia ni maneno machache: "Omba kumbukumbu zako. Mwone mshauri. Sema ukweli, kisha onyesha ulivyobadilika." Baba, mama, shangazi au mjomba yeyote anaweza kuyasema hayo kwa simu ya dakika tano, hata kama hajawahi kuingia chuo.

Na kwa kijana mwenyewe, kama unasoma haya ukiwa mbali na nyumbani: anza na barua ya kuomba kumbukumbu zako. Iandike wiki hii, usingoje Mei.