Noti kuukuu sandukuni: Umri pekee hauzipi thamani

KATIKA maboma mengi ya Meru na Embu kuna masanduku ya bati ambayo hayafunguliwi hadi mwenyewe azikwe. Yanapofunguliwa, aghalabu wakati wa kugawana urithi, noti kuukuu huweza kupatikana chini ya nguo, na papo hapo mjadala huzuka: je, karatasi hizi ni mali au takataka?

Kuwapo kwake si ajabu. Meru na Embu, pamoja na Kisii, ni miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Malipo ya kahawa, na mishahara ya waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, yalifikisha vijijini noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zenye sura ya Mfalme George wa Sita na baadaye ya Malkia Elizabeth wa Pili. Benki Kuu ya Kenya nayo ilitoa noti zake za kwanza mnamo Septemba 14, 1966, zikiwa na picha ya Mzee Jomo Kenyatta.

Warithi wengi hudhani kwamba umri ndio bei. La hasha. Mkusanyaji huuliza mambo mawili: noti za aina hiyo zimesalia ngapi, na hii iliyo mkononi iko katika hali gani? Noti ya shilingi 20 ya mwaka wa 1966 ambayo haijawahi kukunjwa yaweza kuuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya mwenzake iliyozunguka sokoni Gakoromone hadi ikalegea kama kitambaa.

Hali hupimwa kwa macho na vidole. Shika noti kwa kingo zake, karibu na dirisha. Isiyotumika huwa imekakamaa kidogo, pembe zake ni kali, na haina alama ya mkunjo. Mkunjo mmoja hafifu katikati tayari huishusha daraja. Tafuta matundu ya pini, maandishi ya kalamu, madoa ya kutu kutoka mkebeni na mipasuko midogo ukingoni. Ukiiinua kwenye mwanga, noti ya Benki Kuu inapaswa kuonyesha kichwa cha simba ndani ya karatasi yenyewe.

Majina ya madaraja hupotosha wengi. Katika mizani ya Kiingereza inayotumiwa na wakusanyaji duniani, daraja linaloitwa “nzuri” liko karibu kabisa na mwisho, na noti yake imechakaa vibaya. Muuzaji akisifu noti yake kwa neno hilo, amejiangusha mwenyewe.

Kosa linaloumiza zaidi hufanywa kwa nia njema. Mtu huiosha noti kwa sabuni, huipiga pasi, kisha huunganisha mpasuko kwa seloteipu. Pasi hulaza wino uliokuwa umeinuka juu ya karatasi, na gundi huacha doa lisilotoka. Mtaalamu hutambua yote hayo mara moja, na bei huporomoka. Iache ilivyo, uiweke ndani ya bahasha safi mahali pakavu.

Kuna pia noti za zamani za shilingi 1,000. Ziliacha kuwa pesa halali baada ya Septemba 30, 2019, na zaidi ya noti milioni 7, zenye thamani ya takriban Sh7.4 bilioni, hazikurejeshwa. Aliyebaki na bunda lake asijidanganye kuwa ni hazina ya kale: zilizosalia ni nyingi mno, na nyingi zimechakaa.

Kuhusu bei, usitazame kiasi ambacho muuzaji anaitisha kwenye intaneti; tazama kilicholipwa mnadani kwa noti ya aina hiyo na ya hali hiyo. Aina hutambuliwa kwa namba zilizoanzishwa na Mjerumani Albert Pick, ambazo wakusanyaji huzitumia hadi leo.

Nao wanaoahidi mamilioni kwa noti yoyote ya kale, mradi utume kwanza “ada ya usajili” kwa simu, ni matapeli. Mnunuzi wa kweli huomba picha za pande zote mbili, huuliza kuhusu mikunjo, kisha yeye ndiye hutoa pesa.