Mwezi, Maji na Seli: Nadharia ya Ishara Inafika Wapi?

Wavuvi wanaotia mashua majini katika Bandari ya Kale, chini ya Mji wa Kale wa Mombasa, huuangalia mwezi kabla ya kupanga safari, kwa kuwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu hufuatwa na bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana, na kati ya vipindi hivyo huja maji mafu. Mwanafalsafa wa Marekani Charles Sanders Peirce (1839–1914), mmoja wa waasisi wa nadharia ya ishara, alishikilia kuwa ishara ina pande tatu: ishara yenyewe, kitu kinachoashiriwa, na tafsiri inayoviunganisha. Kwa kipimo hicho mwezi ni ishara kwa mvuvi, lakini si ishara kwa bahari. Maji ya Tudor, mkono wa bahari unaopita kando ya bandari hiyo, hayausomi mwezi, bali huvutwa na mwezi na jua, na kwa kuwa hayasomi, hayakosei. Mvuvi akikosea hesabu ya tarehe, mashua hukwama.

Basi pasipowezekana kukosea, nadharia hii haina kazi, na wanaodai kwamba hata elektroni husomana huitanua mpaka inapwaya. Katika fizikia ishara ziko upande wa mpimaji, penye vipimo na majedwali ya kupwa na kujaa, wala si ndani ya mvutano wenyewe.

Ndani ya seli mambo ni mengine. Maagizo ya kuunda protini huandikwa katika RNA kwa kodoni, yaani mafungu ya herufi tatu tatu, ambayo jumla yake ni 64, na molekuli ndogo za RNA huyasoma: kila moja hushika kodoni kwa ncha moja, na kwa ncha ya pili imebeba asidi amino, ambayo ni kipande cha kujengea protini. Mkemia atasema, na kwa haki, kwamba yote hayo ni kemia. Hata hivyo kodoni UGA, ambayo katika sehemu kubwa ya seli ya binadamu huamuru ujenzi ukome, ndani ya mitokondria, vijumba vinavyozalisha nishati ya seli hiyohiyo, huagiza asidi amino iitwayo triptofani, jambo lililobainika mwaka 1979. Herufi ni zilezile. Aliyebadilika ni msomaji, na hapo ndipo Peirce anapofaa.

Ufaafu huo nao una kikomo. Katika selimundu, ugonjwa unaojulikana sana pwani ya Kenya, kodoni moja ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hugeuka kutoka GAG kuwa GUG, na seli huisoma bila kosa lolote, ikaweka asidi amino ya valini mahali pa asidi ya glutamiki. Kwa nini himoglobini hiyo hushikamana oksijeni inapopungua, na kwa nini aliyerithi nakala moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, ni maswali ambayo nadharia ya ishara haiyajibu. Hujibiwa na kemia na uteuzi wa asili.