Namba ipi ni wiani, na ipi siyo? Askari afahamu tofauti

Tarehe 25 Februari 1991, mjini Dhahran nchini Saudi Arabia, kombora la Scud lililorushwa kutoka Irak liliangukia kambi ya askari wa Marekani, na askari 28 wakapoteza maisha. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulinda eneo hilo haukulikabili.

Uchunguzi ulibainisha kwamba kosa lilikuwa la hesabu. Kompyuta ya mtambo huo ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Lakini moja ya kumi, ikiandikwa kwa tarakimu 0 na 1 tu kama kompyuta ifanyavyo, haina mwisho. Kwa hiyo ilikatwa. Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, lakini mtambo ulipokuwa umefanya kazi kwa muda wa saa 100 hivi bila kuzimwa, kosa lilifikia theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo Scud hupita zaidi ya mita 500. Mtambo ukalitafuta kombora mahali lisipokuwapo.

Basi, ndugu askari, somo la namba si la watoto wa shule peke yao. Wengi hudhani kwamba kila namba yenye tarakimu zisizokwisha ni namba isiyo wiani. Dhana hiyo si sahihi, kwani moja ya kumi ni wiani bila shaka yoyote.

Namba wiani, ambayo jina lake latokana na neno uwiano, ni ile iwezayo kuandikwa kuwa sehemu: namba nzima juu ya namba nzima nyingine isiyo sifuri. Namba 5 ni wiani kwa kuwa ni 5/1; na 0.75 ni wiani kwa kuwa ni 3/4. Ikigeuzwa kuwa desimali, ama hukoma, ama hurudia tarakimu zile zile kwa utaratibu, kama zamu za ulinzi langoni. Gawanya 1 kwa 7, nawe utaona sababu. Baki haiwezi kuwa nyingine ila 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Baada ya hizo kwisha, mojawapo haina budi kurudi, na kazi yote huanza upya: 0.142857142857...

Namba isiyo wiani haikomi, wala hairudii kwa utaratibu. Chukua uwanja wa gwaride wa mraba, kila upande mita 100. Kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea ni mita 100 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani 141.42 na ziada isiyokwisha.

Tutajuaje kwamba kipeuo hicho si sehemu? Tufanye kama mpelelezi apimaye maelezo ya mshukiwa: tuyakubali kwanza, kisha tutazame kama yanajipinga. Tuseme ni sehemu iliyokwisha kurahisishwa, hata kiasi na asili yake havigawanyiki tena vyote viwili kwa 2. Basi mraba wa kiasi ni mara mbili ya mraba wa asili. Kwa hiyo kiasi ni shufwa, maana witiri mara witiri ni witiri. Lakini mraba wa namba shufwa hugawanyika kwa 4. Hivyo mraba wa asili hugawanyika kwa 2, na asili nayo ni shufwa. Vyote viwili vyagawanyika kwa 2, ilhali tulisema havigawanyiki. Maelezo yamejipinga, sehemu hiyo haipo.

Kanuni yenyewe ni hii: kipeuo cha pili cha namba nzima ama ni namba nzima, ama si wiani. Cha 49 ni 7. Cha 50 si wiani.

Mtego mkubwa ni pai. Shuleni tulifundishwa kutumia 22/7, nayo ni wiani. Pai yenyewe siyo. Archimedes, aliyeuawa na askari wa Roma mjini Syracuse mwaka 212 K.K., alikwisha onyesha kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7 na kubwa kuliko 223/71. Mwaka 1761 Johann Heinrich Lambert alithibitisha kwamba hakuna sehemu yoyote iliyo sawa nayo.

Wapiga mizinga wanaijua athari yake. Ili kipimo kimoja cha pembe kilingane na mita 1 katika umbali wa mita 1,000, duara ingepaswa kugawanywa mara 6,283.185... Chombo cha namna hiyo hakichongeki. Kwa hiyo majeshi ya NATO yalichagua 6,400, na jeshi la Urusi ya Kisovieti 6,000. Pembe mraba ni 1,600 kwa vipimo vya kwanza, na 1,500 kwa vya pili. Anayesoma 1,600 ya NATO na kuiweka kwenye chombo cha Kisovieti amekosea nyuzi 6, yaani zaidi ya mita 100 katika umbali wa kilomita 1.

Wala mashine ya kuhesabia isifanywe hakimu. Sehemu 1/17 hutoa tarakimu 16 kabla ya kurudia. Mashine yenye nafasi 8 haiwezi kuuonyesha utaratibu huo. Macho yakiona tarakimu nyingi, akili iulize: namba hii imetoka wapi? Je, ni sehemu, ni kipeuo, au ni pai? Kukadiria si kosa, bali ni lazima ya kazi. Hatari ni kukadiria bila kujua kwamba umekadiria, na kwa kiasi gani.