Mikrobi wema juu ya ngozi: jibu nililomwandikia yaya kuhusu egzema



Mwaka jana yaya yangu alinitumia picha ya mikono ya mtoto wake, mwenye miaka mitatu. Kwenye mikunjo ya viwiko ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, fasi zingine zinatoka maji. Usiku mtoto halali, anajikuna mpaka damu. Chini ya picha yaya aliandika: “Uko na diplome ya biolojia. Niambie basi ni kitu gani inakula mwili ya mutoto.”

Ile swali ilinichoma. Miaka mitano ya inivesite, na sikuwa na jibu la kumpa mama mmoja.

Majirani walikuwa wameshampa majibu yao. Wengine walisema ni uchafu, wengine ni jicho la watu. Yaya akachagua uchafu. Alimuogesha mara tatu kwa siku na sabuni kali ya kuua mikrobi, anamsugua na kitambaa. Kisha akanunua sokoni pomade moja, ile ambayo watu wanajipaka ili waonekane weupe. Siku nne mtoto alipoa, yaya akamshukuru Mungu. Siku ya kumi ugonjwa ulirudi na nguvu kuliko mwanzo.

Basi nilirudi kwenye vitabu.

Egzema, ambayo Waswahili wa pwani wanaiita ukurutu, haitokani na uchafu na haiambukizi. Fikiria ukuta wa matofali. Kwa mgonjwa wa egzema udongo unaoshika matofali ni mchache: maji ya mwili yanatoka, vumbi na mikrobi wanaingia, na askari wa mwili wanapiga kelele usiku na mchana. Kelele hizo ndizo mwasho. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, kule Uskoti, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa Ulaya wana kasoro kwenye jini ya protini inayoitwa filagrini, mojawapo ya vitu vinavyoshikilia ukuta huo. Kwetu Waafrika kasoro hiyo haionekani sana, lakini ukuta wa mgonjwa unavuja vilevile. Sabuni kali na kitambaa cha kusugua vinauvunja zaidi. Yaya wangu, kwa upendo wote, alikuwa anabomoa.

Sasa tufike kwa mikrobi wenyewe. Ngozi ya mtu mzima wa afya imejaa bakteria. Wengi hawana shida na wewe, na wengine wanakulinda. Kati yao kuna ndugu wa familia moja, stafilokoke: Staphylococcus epidermidis na Staphylococcus hominis ni majirani wazuri, lakini Staphylococcus aureus, yule wa dhahabu, ni mkorofi. Kwa wagonjwa wa egzema wapatao 70 kwa 100, huyu mkorofi anapatikana kwenye vidonda. Anatoa sumu zinazoharibu ukuta na kuongeza mwasho, mtoto anajikuna, ukuta unafunguka, mkorofi anaongezeka. Ni mzunguko.

Mtu atasema: si tumpige na antibiotike? Inasaidia kidonda kikishaoza, munganga akiandika. Lakini ni sawa na kuchoma shamba lote la maharagwe juu ya magugu: unaua mbaya na mzuri pamoja, na magugu ndiyo yanawahi kurudi.

Richard Gallo na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waligeuza swali. Waliona kwamba kwenye ngozi ya watu wazima wa afya kuna stafilokoke wema wanaotengeneza silaha ndogo, vipande vya protini vinavyomuua yule wa dhahabu. Kwa wagonjwa, wapiganaji hao walikuwa wachache sana. Mwaka 2017 walieleza namna walivyochukua bakteria kutoka ngozi ya wagonjwa watano, wakawachagua wale wachache wenye silaha, wakawakuza kwa wingi, wakawachanganya na losheni na kumrudishia kila mgonjwa wa kwake. Ndani ya siku moja mkorofi alipungua. Mimi hapo ndipo nilisimama na kuzunguka chumba: dawa ilikuwa juu ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe!

Lakini tusikimbie. Mwaka 2021 kikundi hicho kilijaribu aina moja ya S. hominis kwa watu wazima 54, kwa wiki moja tu. Ilionekana salama, na S. aureus alipungua. Egzema yenyewe, ukiwahesabu wote pamoja, haikupona kuliko kwa waliopakwa losheni tupu. Nafuu ilionekana kwa wale ambao mkorofi wao alikuwa wa aina inayouawa na silaha ile.

Mfano mwingine unafundisha zaidi. Ian Myles, wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, alichukua bakteria anayeitwa Roseomonas mucosa kutoka ngozi ya watu wazima wa afya, akamtia kwenye maji ya sukari na kuwapulizia wagonjwa. Mwaka 2018 alitangaza matokeo ya watu wazima 10 na watoto 5. Wengi walipata nafuu kubwa. Magazeti yalifurahi. Lakini jaribio lile halikuwa na kundi la dawa ya bandia la kulinganisha. Kampuni moja ilipofanya jaribio kubwa lenye kundi hilo, mwaka 2021, waliopuliziwa bakteria na waliopuliziwa bandia walipata nafuu karibu sawa. Egzema ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Ndiyo maana mimi simwamini mtu anayeniambia “nilipaka, nikapona”, hata akiwa na diplome tatu.

Nilimwandikia yaya hivi: dawa ya bakteria bado iko kwenye utafiti, usiisubiri. Na usimpake mtoto mashanza. Bakteria wa maziwa si wale wa ngozi. Muogeshe mara moja kwa siku, haraka, na maji ya vuguvugu na sabuni laini. Usimsugue. Mpake vaselini palepale, ngozi ingali na unyevu, na urudie mchana. Pomade ya sokoni isiguse tena uso wake: nyingi zina dawa kali inayopunguza unene wa ngozi. Munganga anajua kipimo na siku za ile iliyo laini.

Alifuata, isipokuwa sabuni. Ilichukua miezi miwili kumshawishi. Sasa mtoto analala usiku mwingi. Wakati wa kiangazi, vumbi likizidi, viwiko vinarudi kuwasha, na yaya ananipigia simu: “Wale mikrobi yako ya muzuri, bado hawajafika huku?” Namjibu bado. “Basi wambie wafanye mbio,” anasema, na anakata.